Kuanguka Nisikokujua

Nyumbani, 9 Februari

Shemeji yangu mpika maharage yenye mawe,

Hao wajenga barabara bado wanakuvumilia huko kambini? Mimi sijambo. Usiniulize nakuandikia nikiwa wapi, maana niko palepale uliponiacha mwaka jana: chumba cha nyuma, kitanda, redio, cherehani iliyofunikwa shuka, na mlango uliofungwa kwa nje.

Ndiyo, kwa nje. Dada yako asubuhi ananiwekea chai kwenye chupa, ananishika shavu, anakwenda kuwafundisha watoto wake wa chekechea, na kabla hajafika mbali nasikia kufuli. Nikimuuliza, eti wezi. Jamani! Mwizi gani atakuja kuiba mtu mzima mwenye kitambi?

Kifafa ninacho, sijakikana. Nilianguka kibandani kwangu sokoni, mbele ya wateja, na suruali ya mteja mkononi. Hiyo unaijua, watu wote wanaijua. Lakini tangu siku ile, kimya. Sijaanguka tena hata mara moja. Tukienda kliniki daktari ananiuliza, "Vipi, imekurudia?" Nami najibu kwa kifua mbele, "Haijarudi, daktari." Anamgeukia dada yako, dada yako anaangalia mkoba wake, daktari anaandika, anasema dawa zimenikubali, niendelee na hizohizo mbili. Tunarudi nyumbani. Kufuli.

Sasa nieleze wewe mwenye akili. Aliyepona anafungiwaje? Nimeanza kuwaza mabaya. Ama ananionea haya, hataki watu wamwone na mume wa kifafa, ama kuna mtu. Nimeandika hilo neno na mkono umeniuma. Na mkanda wa cherehani ameuondoa, anasema ulikatika akaupeleka kutengenezwa. Tangu lini mkanda ukatengenezwa? Ukikatika unanunua mwingine.

Afya ni nzuri, kasoro hizi dawa zinanilaza mchana, na nikiamka mabega yananiuma utadhani nimeshusha magunia. Ulimi nao una kidonda kisichopona. Dada yako anasema nasaga meno usingizini.

Simu ni moja nyumba nzima, nayo inalala mkobani mwake. Ndiyo maana nimempa barua hii jirani kupitia dirishani aipeleke kwenye basi. Majibu pia yapitie kwa jirani. Mpeleleze dada yako, lakini usimwambie kwamba nimekuandikia.

Mfungwa wako,
Fundi

*

Shuleni, 12 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Najua hujaniamkia, nimeipokea hivyohivyo.

Nakuandikia darasani, watoto wamelala kwenye mikeka. Kila simu ukiuliza hali ya shemeji yako nakujibu "hajambo", kwa sababu yeye amekaa pembeni anasikiliza. Leo nakwambia ukweli, na ukiufikisha kwake, mimi si dada yako tena. Apa kwanza ndipo uendelee kusoma.

Anaanguka. Anaanguka mno, mdogo wangu. Nikisharudi shuleni, akilala mchana, mwili unakakamaa, anatetemeka kitanda kizima, anajing'ata ulimi, anajikojolea. Namlaza ubavu, nasubiri. Akiwa bado hajajua yuko wapi mimi nimeshabadilisha shuka. Akiuliza kwa nini nguo si zile, nasema alitokwa na jasho. Halafu kuna ile nyingine ya kimyakimya. Tunaongea, mara anaacha katikati ya neno, macho yanaganda, mdomo unatafuna wakati hamna kitu, vidole vinachezea kifungo cha shati. Kisha anarudi, anaendelea na hadithi yake. Hajui kwamba alikuwa ameondoka.

Utaniuliza kwa nini simwambii. Baada ya kuanguka sokoni alikaa anautazama ukuta, chakula hagusi. Akaniambia, "Mke wangu, ikinirudia hii, heri nisiamke." Wiki ileile ikamrudia. Alipozinduka akaniangalia, akauliza, "Imerudi?" Nikasema hapana. Mdomo ulisema wenyewe, sikuutuma. Akaomba uji, akanywa bakuli zima. Basi, ndivyo nilivyoanza. Ya pili ilikuwa rahisi kuliko ya kwanza.

Na kufuli nalo nikueleze, kwa kuwa jirani ameshaanza kunitazama vibaya. Siku moja nilitoka shuleni nikamkuta barabara kuu, katikati ya magari, tepu ya kupimia shingoni, macho yameganda. Madereva wanapiga honi, wanamtukana kwamba amelewa mchana kweupe. Nikamshika mkono akanifuata. Tulipofika nyumbani akili ikarudi, akaniuliza, "Mbona viatu vyangu vina matope?" Nikamwambia alitoka kumwaga maji. Kesho yake nikanunua kufuli.

Kliniki ndiyo inayonimaliza. Anamjibu daktari kwa uhakika wote, mwanaume wa watu, anajidai kabisa. Nifungue mdomo nimwumbue? Naangalia mkoba.

Nimechoka. Siombi ushauri. Nimetaka tu mtu mmoja duniani ajue.

Dada yako

*

Kambini, 20 Februari

Shemeji mwenye kitambi,

Barua nimeipata, nimeisoma huku maharage yanaungua, kwa hiyo lawama za wajenga barabara zote ni zako.

Ondoa mawazo ya ajabu. Huyo dada yangu namjua tangu tunagombania kitanda. Ni mwoga wa wezi hajapata kutokea. Utotoni alikuwa anafunga kamba mlango wa banda la kuku mara tatu, kuku wenyewe wawili. Hakuna mtu. Nani mwingine atamweza kwa ukali ule?

Vumilia, ndugu yangu. Meza dawa zako kama ulivyoambiwa. Mambo yatakaa sawa.

Shemeji yako,
Mpishi

*

Kambini, 20 Februari

Dada, shikamoo,

Nimeapa, na sasa kiapo chenyewe kinanikaba. Leo nimemwandikia shemeji barua ya uongo mtupu, nikajisikia vibaya mpaka chakula cha jioni nikakitia chumvi mara mbili. Wewe unaifanya kazi hiyo kila siku unaiwezaje?

Sikuomba ruhusa, lakini nimeongea na tabibu wa kambi. Sikumtajia mtu, nilisema ni rafiki. Kaniambia kuna kifafa kigumu, kinachokataa dawa. Mtu akimeza dawa mbili tofauti zinazomfaa, kwa kipimo kinachotakiwa, bila kuruka, na bado anaanguka, basi haifai kuendelea kumpa hizohizo na kumwombea. Anapelekwa hospitali kubwa kwa mabingwa wa kifafa. Wanatafuta kwa mashine ni sehemu gani ya ubongo inayoanzisha fujo. Wapo wanaobadilishiwa dawa, wapo wanaopasuliwa, na wapo wanaopona kabisa. Akasema pia kwamba kuacha hivihivi ni hatari, mtu anaweza kuanguka asiamke.

Kisha akaniuliza, "Daktari wa huyo rafiki yako anasemaje?" Nikajibu, daktari anaamini amepona.  Akasema hakuna atakayempeleka kwa mabingwa mtu ambaye faili lake linasema hajambo.

Mwambie, dada. Kama huwezi kumwambia yeye, mwambie daktari, hata pembeni.

Mdogo wako

*

Shuleni, 27 Februari

Mdogo wangu,

Usinifundishe. Unadhani hayo ya hospitali kubwa mimi siyajui? Kliniki yenyewe ina bango la hao mabingwa ukutani, na benchi tunalokalia linatazamana nalo.

Kila safari najiambia, leo nasema. Nasema nini sasa? Nikitaja ya leo itabidi nitaje na ya jana, ya juzi, na zote. Atajua kwamba kila siku aliyoamka akafurahi, alifurahia uongo wangu. Atakumbuka alivyokuwa akijigamba kwa daktari nami nimekaa pembeni. Ataniona mke gani? Na mlango je? Sasa hivi ananiona mwoga wa wezi, anacheka. Nikisema ukweli, mimi ni mke niliyemfungia mume wangu ndani.

Nimejenga nyumba sikuweka mlango wa kutokea, na mimi mwenyewe nimo. Niache.

Dada yako

*

Nyumbani, 9 Machi

Shemeji,

Kuku wawili? Haya, nimecheka. Lakini barua yako ilikuwa na harufu ya kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Wewe ukinijibu kwa kifupi namna ile ujue kuna kitu umekilalia.

Sikulaumu, damu ni damu. Nimeamua kujikomboa mwenyewe. Sikiliza mipango ya fundi.

Kwanza, bawaba za mlango huu ziko upande wangu. Mlango unafungwa kwa nje, lakini skurubu za bawaba ziko ndani, na bisibisi ya cherehani dada yako hakuikumbuka. Pili, jirani ameninunulia mkanda mpya, tumeupitisha dirishani, nimeuficha ndani ya godoro. Tatu, dawa nimeacha. Usiruke! Aliyepona anameza dawa ya nini? Zinanilevya tu. Dada yako ananiletea kidonge, nakiweka chini ya ulimi, nakunywa maji, nakwenda chooni. Leo ni siku ya nne, na kichwa ni chepesi. Hata mawazo yamepata kasi.

Jumatatu akishaondoka nafungua mlango, nafungua na kibanda. Kuna mteja anangojea suti ya harusi tangu nilipofunga. Dada yako akirudi atanikuta mezani nimeweka mapato yangu, ataona mwenyewe kwamba amekuwa akimfungia mtu mzima. Nimeshaifanyia mazoezi ile sura nitakayomtazama nayo.

Ukipata barua hii nitakuwa mtu huru.

Fundi mwenyewe

*

Nyumbani, 24 Machi

Shemeji,

Mwandiko usikutishe. Huu ni mkono wa kushoto, wa kulia umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko.

Nilifika kibandani vizuri. Nilifagia, nikaliwasha jiko, nikatia makaa kwenye pasi, nikatandaza lile koti la harusi. Harufu ya kitambaa kinachopigwa pasi, shemeji, karibu nilie kwa furaha. Baada ya hapo sikumbuki vizuri. Dada yako anasema nilijikwaa kwenye kigoda, pasi ikaniangukia, mkono ukabaki chini yake. Nilizinduka hospitali. Walinichoma sindano ya maumivu, nadhani ndiyo iliyonifutia kumbukumbu. Nimelala pale siku kadhaa. Daktari wa majeraha alimuuliza dada yako maswali mengi barazani, sikuyasikia.

Nimewaza sana. Fundi gani anajikwaa kwenye kigoda chake mwenyewe? Kigoda kimekaa palepale tangu siku nilipofungua kile kibanda. Fundi gani anaunguzwa na pasi yake? Si kifafa, hilo lingekuwa na heshima kidogo. Ni uzembe. Nimezeeka kabla ya wakati, mikono imenisahau. Koti la watu limeungua, harusi ya watu imepita.

Nimemwambia dada yako aiuze cherehani. Alikwenda jikoni akakaa huko. Kitasa kimebadilishwa, bawaba zimehamishiwa nje. Sikulalamika. Safari hii nimemshika mkono nikamwambia, "Funga tu, mke wangu, ulikuwa na haki." Dawa narudi kumeza, kwa sababu sina nguvu ya kubishana na kidonge.

Usihangaike kunijibu.

Fundi wa zamani

*

Kambini, 2 Aprili

Shemeji,

Kaa kitandani, usisome ukiwa umesimama. Humu hakuna utani.

Hukujikwaa. Ulianguka kifafa, na pasi ilikuwa mkononi. Hujasahau kazi yako hata kidogo. Mikono yako ni mizima, kilichokuangusha ni ugonjwa, na kuacha dawa ghafla kuliuchochea. Nilipoipata barua yako ya mipango Jumatatu ilikuwa imeshapita. Nilikimbia hadi penye mtandao, nikampigia dada, akapokea akiwa hospitali.

Na si hiyo tu. Tangu ile ya kwanza sokoni hujawahi kuacha kuanguka. Unaanguka ukilala mchana. Hayo maumivu ya mabega ni hiyo, kidonda cha ulimi ni hiyo. Kuna nyakati unapotea ukiwa umekaa, ukiwa unaongea, na hujui. Siku moja ulipotelea barabara kuu, dada akakutoa katikati ya magari. Kufuli ni kwa sababu hiyo. Hakuna mwizi, hakuna mwanaume. Kuna mwanamke aliyekusikia ukisema ikirudi heri usiamke, akaogopa, akasema haijarudi. Tangu hapo amekwama.

Mimi nimejua tangu Februari. Niliapa kwa dada yangu nikakuandikia habari za kuku. Mkono wako umeungua mimi nikiwa nimekaa na siri yako mfukoni. Leo nimevunja kiapo, na sijui kama nitakuwa na dada kesho.

Ninachokuomba ni kimoja. Usiache tena dawa bila daktari. Na mkienda kliniki, daktari akiuliza umeanguka mara ngapi, wewe usijibu. Wewe huwezi kujua, si kosa lako, anayeanguka hayupo pale kujiona. Mwache aliyekuwepo ajibu. Kuna mabingwa wa kifafa kama chako, kile kinachokataa dawa, lakini hawatakuita mpaka mtu aseme ukweli.

Nitukane ukitaka. Ila nijibu.

Mpishi

*

Nyumbani, 8 Aprili

Wewe,

Sikuiti mdogo wangu, sijui nikuite nani.

Jirani alimpa barua yako dirishani mimi nikiwa sokoni. Niliporudi nikamkuta amekaa, karatasi magotini. Hakupiga kelele. Angenipiga hata kofi ningejua pa kushika. Aliuliza kitu kimoja tu: "Na ule uji?" Sikuwa nimemwambia mtu habari za uji ila wewe, nawe hukuandika, nimeisoma barua yote. Amekumbuka mwenyewe. Alikuwa ameukumbuka uji ule siku zote kama alama ya siku aliyopona.

Kufuli nimelitoa, nimelitupa shimoni. Mlango uko wazi tangu juzi, upepo unaingia na kutoka. Yeye hatoki. Anakaa kitandani, anauangalia.  Nikimwekea chakula ananiuliza, "Umeweka nini?" mume wangu mimi, ananiuliza nimeweka nini.

Umefurahi?

*

Nyumbani, 21 Aprili

Shemeji,

Nimekutukana sana, kwa sauti, mbele ya redio. Nimemaliza, sasa nakuandikia.

Hujui ilivyo. Mtu anakwambia kuna siku zako umeziishi wewe hukuwemo. Nilirudi nyuma nikaanza kukagua kila kitu. Ile alasiri niliyomweleza dada yako habari za ujana wangu, nilikuwemo? Yule mteja aliyeondoka akicheka, alicheka nini? Mlango ulikuwa wazi na mimi nikaogopa kutoka, kwa sababu hata nikivuka kizingiti nitajuaje kwamba anayevuka ni mimi? Kufuli lilikuwa afadhali, shemeji. Lilikuwa nje, ungeweza kulitukana. Hili limo ndani ya kichwa na sina bisibisi yake.

Dada yako nilimchukia. Naandika neno hilo bila kulipunguza. Nilimchukia siku kadhaa, na chakula chake nilikinusa kabla ya kula. Kisha Jumapili akiwa anaanua nguo nikamwita, nikamwambia, "Kaa. Nisimulie. Anza na ya kwanza baada ya sokoni, usiruke." Alisimulia hadi jua likashuka. Mengine aliyasahau akayarudia. Nilimsikiliza kama mtu anayesikiliza habari za jirani mkorofi. Eti siku moja nikiwa nimepotea nilimpima mke wa jirani kiuno kwa tepu huku nimeganda macho, na mama wa watu akasimama tu akidhani nimechangamka! Tulicheka wote wawili. Halafu yeye akaanza kulia, mimi nikatoka nje. Nilitoka, nikasimama uani, nikarudi.

Jana tulikwenda kliniki. Daktari akauliza kama kawaida yake, "Vipi, imekurudia?" Nikasema, "Mimi sijui. Muulize mke wangu."  Mkoba ulikuwa magotini mwake, akauweka chini sakafuni. Akasema.

Daktari aliweka kalamu. Akaanza kufunua faili nyuma, ukurasa baada ya ukurasa, na kila ukurasa uliandikwa hajambo. Akauliza, "Kwa nini hamkuniambia?"  Nikamwambia, "Daktari, uliniuliza mimi, nami nilikuwa mtu pekee chumbani ambaye hakuwepo."  Kisha akasema naye alipaswa kumuuliza aliye pembeni, tena zaidi ya mara moja. Nimemheshimu kwa hilo.

Ameandika barua ya kunipeleka kwa mabingwa. Foleni ni ndefu, huenda ni miezi. Hajaniahidi kitu. Amesema tu kwamba sasa wanajua wanachotibu.

Dada yako hajakusamehe bado. Lakini jana ameniuliza kama unakula vizuri huko. Jibu hilo.

Fundi

*

Hospitali kubwa, 30 Julai

Shemeji yangu,

Foleni imefika. Niko wodi ya uangalizi. Kitanda kimoja, kiti kimoja, dirisha lisilofunguka. Kichwa kizima kimebandikwa nyaya, zinakwenda kwenye mashine ukutani. Juu kwenye dari kuna kamera, hainiachi hata nikijikuna. Nimebadilisha jela tu, ila hii ina mashuka meupe. Dawa wamenipunguzia, wao wenyewe safari hii, taratibu, na wauguzi wako mlangoni. Wanataka nianguke ili waone moto unaanzia wapi. Basi tunakaa tunangojea nianguke, kama watu wanaongojea basi la saa nane. Dada yako yuko kwenye kiti, amepewa kengele ya kubonyeza akiona inaanza.

Siku ya tatu haikuja. Ya nne haikuja. Wakati hutaki inakuja mpaka sokoni, ukiitaka inajifanya ina shughuli.

Ikaja mchana wa siku iliyofuata. Mimi kama kawaida sikuwa na habari. Nilifumbua macho, nikamwona dada yako mchangamfu kabisa, nikamuuliza kama chai ipo. Akasema, "Ipo, na umeanguka." Siku hizi ananiambia hapohapo.

Kesho yake nikamwomba bingwa aniruhusu kuona picha za ile kamera. Alisita, akasema si wote wanaoipenda. Nikasisitiza. Dada yako alikuwa ametoka kununua matunda. Wakanikalisha mbele ya kioo cha kompyuta, nyaya zangu zote kichwani, wakawasha.

Nilijiona. Sitakueleza sana. Mwanaume mzima anageuzwa na kitu ambacho hakionekani, mdomo umekwenda upande, mkono uliounguzwa na pasi unapiga kitanda. Nilidhani nitaangalia hapo tu. Lakini macho yalimfuata dada yako. Alibonyeza kengele. Alivuta mto, akanilaza ubavu, akaweka kiganja chake chini ya shavu langu lisisuguane na chuma, na muda wote mdomo wake unaniongelesha. Muuguzi aliingia, akasubiri hadi ikatulia, akapima, akatoka. Dada yako akabaki peke yake na mimi. Akainama, akalia. Hakutoa sauti, mabega tu yanaruka.

Halafu kichwa changu kikasogea kidogo. Akajua narudi. Shemeji, akageukia ukutani. Akapangusa uso kwa viganja, akajipigapiga mashavu. Akajaribu tabasamu moja, halikumridhisha, akalifuta. Akajaribu jingine. Ndipo akanigeukia. Yule bwana kitandani akafumbua macho, akaona mke mchangamfu, akaulizia chai.

Nilimwomba bingwa airudishe hapo. Akadhani nataka kuona nilivyokakamaa. Nikamwambia hapana, pale anapojaribu tabasamu. Nimeiona mara tatu. Muda wote huu, shemeji, nimekuwa nikiamka na kuukuta uso ambao umeshatengenezwa, nikasema moyoni, huyu mwanamke hana tabu.

Aliporudi na matunda nikamwambia, "Nimekuona." Akauliza nimemwona wapi. Nikamwonyesha dari. Aliangalia ile kamera, akaweka mkono mdomoni. Nikamwambia, "Ikija tena, usijipanguse."

Bingwa amenieleza mambo yalivyo hadi sasa. Wanashuku inaanzia upande mmoja, karibu na sikio la kushoto. Ikiwa ni hapo tu, huenda wakanipasua. Ikiwa ni pande mbili, watajaribu dawa ya tatu, na pengine nayo ikatae. Hakuna anayejua. Bado siruhusiwi kwenda hata chooni peke yangu.

Jana ikaja, kubwa. Nilipofumbua macho dada yako alikuwa analia mbele yangu, kamasi na kila kitu, nywele zimesimama. Nikamuuliza kama imekuwa mbaya. Akasema, "Mbaya, mume wangu. Mbaya sana. Niliogopa." Nikamwambia mimi pia naogopa. Akasogeza kiti, akalaza kichwa chake kitandani karibu na nyaya, tukaogopa pamoja, mpaka muuguzi akaja kubandika upya zile zilizong'oka.

Anakusalimu. Anasema umwandikie.

Shemeji yako,
Fundi